Simu imeapdeti usiku, asubuhi haipiti nembo. Ndani kuna picha za madeni. Wajuzi msaada

#1 Dagaa_wa_Kibirizi, Jumatatu saa 1:12 asubuhi

Wakuu, salaam.

Wiki hii ni mbalamwezi, boti hazitoki. Kazi yangu ni kupokea dagaa pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, kuanika na kupakia kwenda Dar, kwa hiyo nipo tu nyumbani Mwanga sina la kufanya. Lile tangazo la sasisho la mfumo limenisumbua mwezi mzima. Jana nikasema leo nalimaliza. Nikajiunga bando la usiku, faili GB 2 na ushee, likashuka mpaka saa tisa. Likasoma asilimia, likaomba niwashe upya. Nikabonyeza.

Tangu hapo: inatetemeka, nembo inakuja, inakaa kama sekunde 40, giza, inatetemeka tena, nembo. Nimehesabu mara 17 nikachoka. Mgongoni karibu na kamera pamekuwa pa moto, huwezi kuweka shavu.

Simu ina miaka mitatu, haijawahi kufunguliwa na fundi. Chaji ilikuwa asilimia 60 na kitu. Kampuni siitaji, sitaki ugomvi na wenye simu zao.

Simu yenyewe hainiumi sana. Daftari langu la madeni lililowa maji ya samaki, na kabla halijachanika nikapiga picha kurasa zote. Picha zimo humo tu. Wanaodaiwa wapo humu mtandaoni na najua wanasoma. Naandika kwa simu ya mama watoto.

#2 Mnyamwezi_Halisi, saa 1:20

Siti ya mbele kabisa. Watu wa mwisho wa reli bwana, unapiga picha deni badala ya kulidai.

#3 Fundi_Katubuka, saa 1:48

Pole mkuu. Kabla ya yote, USIRISETI. Watakuja watu hapo chini wakuambie "futa kila kitu itawaka". Itawaka kweli, bila picha hata moja.

Fanya hivi. Shikilia kitufe cha kuwasha mpaka izime. Kisha shikilia kuwasha pamoja na kuongeza sauti kwa wakati mmoja, nembo ikitokea achia cha kuwasha. Utakuta ukurasa mweusi wenye mistari ya maandishi. Pale kuna mistari miwili inayofanana sura: mmoja unafuta kashe, yaani makapi ya muda, na mwingine unafuta data yote. Chagua wa kashe. Unashuka kwa kitufe cha sauti, unakubali kwa cha kuwasha. Simu nyingine mpya hazina mstari huo, ukiukosa usibahatishe.

Leta mrejesho.

#4 kichwa_ngumu255, saa 2:05

Mkuu huo wa pili nao haugusi picha, unafuta programu tu. Mimi nimeshafanya mara mbili.

#5 Fundi_Katubuka, saa 2:09

#4 acha kupoteza watu. Picha zako zilibaki kwa sababu zilikuwa kwenye memori kadi. Za kwenye simu zinakwenda na maji. Mleta uzi, picha zako ziko wapi?

#6 Dagaa_wa_Kibirizi, saa 2:31

Kwenye simu. Memori kadi nilimpa dogo akaweka katuni.

Kashe nimefuta, imeandika imekamilika. Ikawaka, nembo, giza, nembo. Palepale.

#7 Mawese_Original, saa 2:40

Betri hiyo. Miaka mitatu betri imechoka, sasisho linafanyisha simu kazi nzito, umeme ukakatika katikati ya uandishi. Mfumo umeandikwa nusu. Ni kama kubadilisha tairi basi linatembea.

#8 Chumvi_Uvinza, saa 2:55

Mawese, inategemea simu. Mleta uzi jibu swali hili: wakati asilimia zinasoma ulikuwa unaendelea kuitumia, au ilijizima kwanza ikaleta kile kiroboti cha Android kilicholala chali na mstari unaojaa?

#9 Dagaa_wa_Kibirizi, saa 3:02

Nilikuwa naangalia mpira wa zamani huku inasoma. Kiroboti sikukiona.

#10 Chumvi_Uvinza, saa 3:21

Basi simu yako ni ya nyumba mbili. Tangu Android 7 ya mwaka 2016 kuna utaratibu huo: mfumo una vyumba viwili, A na B. Unaishi A, sasisho linaandikwa B kimyakimya. Ukiwasha upya unahamia B. B ikigoma kuwaka mara kadhaa, simu inatakiwa irudi A yenyewe. Kwa hiyo kukatika chaji katikati ya uandishi kusingeua kitu, A ilikuwa haijaguswa.

Kiroboti kilicholala ni utaratibu wa zamani wa chumba kimoja. Hapo ndipo maelezo ya Mawese yana mashiko.

#11 Mawese_Original, saa 3:30

Kama inatakiwa irudi A mbona haijarudi? Mara 17 kaihesabu mwenyewe.

#12 Chumvi_Uvinza, saa 3:34

Hapo sasa. Inawezekana B iliwaka vizuri kwa muda mfupi, simu ikaandika "nimefika salama", ndipo kitu kikaanguka. Ikishasema hivyo hairudi tena. Au ilikuwa imejaa. Ulibakiwa na nafasi kiasi gani?

#13 Dagaa_wa_Kibirizi, saa 3:50

GB 32 nzima ilikuwa inalia imejaa. Nilifuta video za harusi ya shemeji ili sasisho lienee.

#14 Mnyamwezi_Halisi, saa 3:52

Shemeji amesoma hii?

#15 Bibi_wa_Ujiji, saa 4:15

Mwanangu pole. Yangu ilifanya hivyohivyo mwaka juzi. Mjukuu akaikorokochoa mpaka akachoka, nikaitupa kwenye kabati. Ikamaliza chaji yenyewe. Siku ya tatu nikaichomeka nione kama inapokea moto, ikawaka na kila kitu kimo. Iache ipumzike.

#16 kichwa_ngumu255, saa 4:18

Bibi, simu si punda.

#17 Bibi_wa_Ujiji, saa 4:40

Punda angeshanielewa.

#18 Mzee_wa_Gungu, saa 5:03

Naona mnahangaika na vyumba A na B. Ukweli ni mmoja: kampuni zinaua simu za zamani ili ununue mpya. Si porojo. Samsung walipigwa faini ya Euro milioni 10 Italia.

#19 wakili_wa_mtaa, saa 5:30

Mzee wangu shikamoo, narekebisha kidogo. Ni mwaka 2018, Italia ilitoza kampuni mbili. Apple ndiyo milioni 10, Samsung milioni 5. Na kosa lilikuwa kusukuma masasisho yaliyofanya simu za zamani kuwa nzito bila kumweleza mtumiaji vya kutosha. Kuziua ni jambo lingine.

Kisa cha Apple kilianza Desemba 2017 walipokiri kwamba simu zenye betri zilizochoka zinapunguzwa kasi na mfumo wenyewe. Sababu waliyotoa ni kuzuia simu isizime ghafla. Wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Ufaransa nayo ikawatoza Euro milioni 25 mwaka 2020.

#20 Mzee_wa_Gungu, saa 5:37

Marahaba. Umenirekebisha namba, hoja umeiacha imesimama.

#21 Mawese_Original, saa 5:41

Na hata humo sababu ni betri! Nakaa hapahapa.

#22 kichwa_ngumu255, saa 6:10

Mleta uzi umehakikisha si feki? Piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uitume kwenda 15090 ya kukagua simu.

#23 Mnyamwezi_Halisi, saa 6:11

Simu haiwaki, apige *#06# kwa mdomo?

#24 Chumvi_Uvinza, saa 6:25

Namba ya IMEI iko kwenye boksi, simu nyingine imeandikwa kwenye kidroo cha laini. Ila hapa Tanzania feki zilizimwa Juni 2016, na hii ina miaka mitatu tu. Mimi ningeuliza kama ilinunuliwa mpya au yuzdi. Yuzdi za kutoka nje wakati mwingine zinakuwa zimeshapigwa fleshi, yaani kuwekewa upya mfumo, tena wa nchi nyingine, ili zikubali lugha. Zikija kuapdeti, sasisho linakutana na mgeni ndani ya nyumba.

#25 Dagaa_wa_Kibirizi, saa 7:00 mchana

Mpya, kwenye boksi lenye nailoni. Ila sasa nimeanza kuiangalia hiyo nailoni kwa jicho jingine.

Nimetoka kwa fundi mmoja mjini. Hajaifungua. Kaishika, kasema "hii memori imekufa, natoa IC (chipu) ya memori nahamishia kwenye bodi nyingine, picha zako zote unapata, 80,000." Nimwachie?

#26 Fundi_Katubuka, saa 7:04

USIMWACHIE. Kama ni simu iliyotoka na Android 10 au zaidi, data imefungwa kwa ufunguo uliofungamana na prosesa (ubongo wa simu) ileile. Ukihamisha memori peke yake unahamisha sanduku, ufunguo umebaki kwenye bodi ya zamani. Wanaoweza wanahamisha memori na prosesa kwa pamoja, na hiyo si kazi ya kusema bila kuifungua.

#27 Binti_Kasulu, saa 8:20

Nimesoma wote naomba niseme langu. Machi 2021 nilikuwa Kasulu, programu zikaanza kujifunga zenyewe. Gmail unagusa, inafunga. Ya benki unagusa, inafunga. Nikakimbilia fundi, akanambia virusi, akapiga fleshi, 15,000, nikapoteza kila kitu. Kesho yake nikasikia ni dunia nzima: kijiprogramu kimoja cha Google kinachofungulia kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine, kinaitwa WebView, kilisasishwa vibaya. Dawa ilikuwa kusubiri toleo jipya, au kuondoa lile sasisho. Bure kabisa.

Yule fundi alinirudishia simu na akaunti mpya ya Gmail aliyonifungulia yeye. Nenosiri aliandika kwenye karatasi ya kufungia vocha. Sijui liko wapi hadi leo.

#28 Fundi_Katubuka, saa 8:26

Dada hilo la akaunti ndilo linaloua watu. Tangu Android 5.1 simu ikirisetiwa kwa vitufe inakuuliza akaunti ya Google iliyokuwamo. Huna, inakuwa tofali. Dagaa, akaunti yako nani alifungua?

#29 Dagaa_wa_Kibirizi, saa 8:31

Kijana wa dukani. Aliniuliza "baba jina la mama?" nikamtajia, akaandika andika, akanipa simu.

#30 Mnyamwezi_Halisi, saa 8:33

Hahaha hata akaunti ina baba wa kambo.

#31 Chumvi_Uvinza, saa 8:50

Jaribu hili. Nenda kwenye simu ya mama watoto, ukurasa wa Google wa kutafuta akaunti, weka namba yako ya simu na jina la kwanza na la mwisho. Kama yule kijana aliweka namba yako, utaletewa meseji ya tarakimu. Laini yako ihamishie kwenye simu hiyo kwanza. Ukiingia, angalia kama picha zilikuwa zinapanda mawinguni, yaani kuhifadhiwa mtandaoni kwenye akaunti, bila wewe kujua.

#32 Dagaa_wa_Kibirizi, saa 11:15 jioni

Nimeingia! Akaunti ipo, jina limekosewa herufi ila ni mimi. Picha mawinguni zipo 212, zote za mwaka ule nimenunua simu. Halafu zinakoma. Inaonekana niliwahi kuambiwa "inakula bando" nikazima.

Madeni hayamo. Kuna picha ya samaki mgebuka mmoja mkubwa nilikuwa nimeusahau.

#33 Mzee_wa_Gungu, saa 11:20

Tupia huo mgebuka tuuone.

#34 Saketi_Mwandiga, saa 2:10 usiku

Nimechelewa, nilikuwa kazini. Wote mnazungumzia mfumo, hakuna aliyesoma #1 vizuri. Kasema mgongoni karibu na kamera pa moto. Kwenye simu nyingi hapo ndipo prosesa inapokaa.

Prosesa imekalia vidonge vidogo vya risasi ya kulehemu, mamia. Simu inakaa mfukoni, inabanwa, inapata joto na baridi kila siku miaka mitatu, kidonge kimoja kinapata ufa. Siku zote inafanya kazi kwa kugusana tu. Sasisho likija, prosesa inakimbia kwa nguvu zote saa nzima, inapata moto kuliko kawaida, kile kidonge kinaachia. Lawama inakwenda kwa sasisho, wakati ufa ulikuwepo. Nimeziona nyingi mezani kwangu. Ukibonyeza prosesa kwa kidole huku unawasha, inawaka. Ukiachia, inazima.

#35 Chumvi_Uvinza, saa 2:22

Hoja nzuri, ila simu yoyote inayojiwasha na kuzima mara 17 mfululizo itapata moto. Joto linaweza kuwa matokeo.

#36 Saketi_Mwandiga, saa 2:25

Linaweza.

#37 kichwa_ngumu255, saa 2:40

Kama ni joto si aiweke friji?

#38 Saketi_Mwandiga, saa 2:43

Halafu ukiitoa inatoka jasho ndani, unyevu unakaa kwenye saketi, sasa una tatizo la pili. Usiweke friji. Usiweke kwenye mchele pia, najua kuna mtu anachapa hilo sasa hivi.

#39 Mnyamwezi_Halisi, saa 2:44

Nimefuta.

#40 Dagaa_wa_Kibirizi, Jumanne saa 3:00 asubuhi

Nimeamua. Simfuati fundi wa 80,000, sirisetii, sibonyezi. Naiacha iishe chaji kama alivyosema bibi. Sina la kupoteza, na boti zenyewe hazitoki.

Wakati huohuo nimempigia mteja mmoja wa Ilala nikamuuliza kiungwana "hivi nakudai kiasi gani?" Kanijibu "si tulimalizana?" Hatukumalizana.

#41 wakili_wa_mtaa, saa 3:15

Miamala ya simu mliyotumiana ina kumbukumbu. Omba taarifa ya miezi iliyopita, utaona nani alilipa nini. Deni halitaonekana ila malipo yataonekana.

#42 Mzee_wa_Gungu, saa 3:40

Zamani daftari likilowa tulilianika juani pamoja na dagaa.

#43 Dagaa_wa_Kibirizi, Ijumaa saa 12:50 asubuhi

WAKUU IMEWAKA.

Jana jioni ilikuwa baridi kabisa, haitetemeki hata. Nimeichomeka leo alfajiri kwenye chaja ya mama watoto, nikaenda kuswali. Kurudi nakuta imeandika tarehe ya ajabu, halafu ikakaa sawa. Toleo la mfumo nimeangalia: ni LA ZAMANI. Haijaapdeti. Picha zote 46 za daftari zimo. Nimezituma kwa mama watoto, kwangu mwenyewe, na kwa Bibi wa Ujiji.

#44 Bibi_wa_Ujiji, saa 1:05

Nimezipata mwanangu. Naona na jina la jirani yangu humo.

#45 Chumvi_Uvinza, saa 1:10

Toleo la zamani! Imerudi chumba A. Ndiyo nilivyosema tangu #10.

#46 Mawese_Original, saa 1:13

Kwa nini irudi baada ya siku tatu na si baada ya mara 17? Kwa sababu betri ilishuka hadi sifuri ikapokea chaji upya. Betri.

#47 Saketi_Mwandiga, saa 1:30

Ilipoa siku tatu, risasi ikagusana tena. Nakushauri uhamishe kila kitu leo. Mvua ikinyesha tu unaweza kuona nembo tena.

#48 Mzee_wa_Gungu, saa 1:34

Kampuni imeona uzi huu ikaogopa.

#49 Fundi_Katubuka, saa 1:50

Ugomvi wenu mtaumaliza wenyewe. Dagaa, leo hiihii: ingia kwenye mipangilio ya akaunti, weka namba yako na nenosiri lako mwenyewe. Majina yote ya wateja yahifadhi kwenye akaunti, yasibaki kwenye laini. Washa kupandisha picha, chagua ifanye kwa waifai tu kama unaogopa bando. Kisha zima ile swichi ya kusasisha yenyewe usiku, walau ufute vitu ubaki na GB 8 wazi.

#50 Binti_Kasulu, saa 2:15

Ila asiache kabisa kuapdeti. Masasisho ya usalama yanaziba matundu, na ukibaki na Android ya kale mno hata WhatsApp inakukataa. Mama yangu yalimkuta, simu nzima ila WhatsApp ikamuaga.

#51 kichwa_ngumu255, saa 2:31

Kwa hiyo tatizo lilikuwa nini?

#52 Mnyamwezi_Halisi, saa 2:33

Rudi #1 uanze upya.

#53 mgeni_wa_Kibondo, Jumatano saa 10:20 jioni

Habari wakuu. Yangu ina shida kama ya mleta uzi, ila kitufe cha kuongeza sauti kilishakufa, siwezi kuingia kwenye ule ukurasa mweusi. Naiacha iishe chaji au kuna njia nyingine? Mleta uzi, yako ilichukua siku ngapi hasa kuisha?

#54 Fundi_Katubuka, saa 10:41

Kama kwenye simu ulishawahi kuruhusu amri za kompyuta kwa waya, kuna njia. Kama hukuruhusu, kibadilishwe kitufe kwanza, ni kazi ndogo. Siku ngapi muulize mwenyewe.

#55 Dagaa_wa_Kibirizi, saa 11:58

Giza la mwezi limeingia, boti zinatoka sasa hivi, niko mwaloni napanga beseni. Nitakujibu kesho nikishaanika. Siku tatu kasoro, nadhani.